Ragna Sørbø na Mteja wa Majaribio

Mchungaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na wote mliofika Two Harbors katika theluji hii, desturi inataka historia ya marehemu isomwe na mwakilishi wa familia, na kwa kuwa familia iliyobaki ni mimi peke yangu, mtanivumilia. Naitwa Halvor Sørbø, mdogo wake. Naona wa kule nyuma mmeanza kutabasamu kwa kusikia jina, na sababu yake nitaifikia.

Marehemu Ragna alizaliwa tarehe 6 Mei 1956 hapa hapa mjini, mtoto wa kwanza wa marehemu Nils Sørbø, aliyekuwa fundi kwenye gati la madini, na marehemu Agnes. Mimi nilimfuata tarehe 29 Februari 1960, siku ambayo huja mara moja katika miaka minne, na tangu utotoni Ragna alishikilia kwamba mwaka usiokuwa na tarehe hiyo mimi sina haki ya keki, akala kipande changu mbele ya macho yangu, na mama akacheka. Jina letu lina ile o iliyokatwa kwa mstari, tena mara mbili, ambayo baba alikataa kuiacha hata walimu walipomsihi.

Alisoma shule za hapa mpaka mwaka 1974, akaendelea na chuo kikuu mjini Duluth, akahitimu hisabati mwaka 1978. Mimi niliondoka kwenda Butte, Montana, mwaka 1981, nikaendesha basi la shule huko hadi nilipostaafu, na tangu hapo yeye akawa upande wake na mimi upande wangu, bila ugomvi wowote, ila hakuna aliyefunga safari.

Kwa upande wa kazi, Januari 1979 aliajiriwa na kampuni ya bima ya Agate Shore Mutual, Duluth, akiandika programu za kompyuta, na kazi ilipohama kutoka kwenye mashine kubwa za chumba cha chini kwenda kwenye tovuti, alihama nayo, wakati wenzake wa rika lake walipendelea kustaafu huku wakinung'unika. Kuanzia mwaka 1998 aliwaandikia wenzake Dondoo za Ijumaa, mistari michache ya ushauri wa kazi, ambayo baadaye aliiweka kwenye tovuti ikasomwa na watu wa miji asiyoijua. Mimi nimezisoma wiki hii tu, nikiwa nimekaa jikoni kwake. Aliwaambia vitu kwenye programu wavipe majina ambayo mtu aliyechoka ataelewa, nakala ya akiba wasiihesabu kuwa nakala mpaka wamejaribu kuirudisha, mabadiliko wasiyapeleke kwa wateja Ijumaa alasiri halafu wakaenda kuvua samaki, na skrini isimwambie mtu "kosa limetokea" ikanyamaza, bali imwambie afanye nini. Dondoo aliyoirudia kuliko zote ni kwamba mfumo usijaribiwe kwa mtu aliyenyooka, ujaribiwe kwa mtu mgumu.

Kwa upande wa ndoa, hakuolewa. Kwa upande wa watoto, hakujaliwa. Sehemu hizi mbili katika historia za wengine huchukua ukurasa mzima, na mimi nimezimaliza kwa pumzi moja, jambo ambalo limeniuma tangu nilipoanza kuandika.

Mawasiliano yetu yalikuwa ya simu, naye alinipigia siku yangu ya kuzaliwa inapokuwepo kwenye kalenda, siyo kabla. Nikimlaumu, alijibu, "Tarehe yenyewe haijafika, nikupigie kwa ajili ya nini?" Mwaka 2020 alinipigia akasema, "Umetimiza kumi na mitano, kijana, anza kunyoa ndevu. Nikikupigia tena utakuwa na umri wa kupata leseni." Nilicheka, maana nilikuwa nimeendesha basi miaka mingi, halafu nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mke wangu Colleen alifariki Novemba 2017, Ragna hakuja kumzika, alituma kadi yenye jina lake tu chini, na miaka miwili baadaye bado barua zilikuwa zinakuja nyumbani kwa jina la Colleen, za benki, za bima, za duka la viatu, na kila nikifungua sanduku la barua ninamzika upya. Ragna akauliza, "Jina lake wanaliandika sawasawa, au wanakosea?" Nikamwambia wanaliandika sawasawa. Akasema, "Haya, nitaliangalia," akakata simu. Pole hakusema. Nilikaa na hilo neno moja lisilosemwa miaka minne, nikiamini dada yangu ana moyo wa chuma.

Kwa upande wa ugonjwa, Oktoba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kazini alisema anachukua likizo, kwa majirani alisema ni tumbo, kwangu hakusema kitu. Daktari alinipigia tarehe 17 Februari kwa sababu namba yangu ndiyo pekee aliyoiandikisha, nikashika njia na gari langu, na nilipofika Duluth asubuhi ya Jumatatu tarehe 19 alikuwa amekwisha kukata roho, hajatimiza miaka sitini na minane, na muuguzi alinikabidhi miwani yake.

Kesho yake nilipiga simu kazini kwake kutoa taarifa, akapokea Kayleen Wuori, aliyeketi meza ya jirani na ya marehemu. Nikasema, "Mimi ni Halvor Sørbø, wa Butte." Akasema, "Na mimi ni malkia. Dale, acha utoto, watu tuna kazi," akakata, akidhani ni mwenzake wa ofisini anamtania. Nikapiga tena. Akauliza huku anacheka, "Haya, Halvor, umezaliwa lini?" Nikamtajia tarehe, akacheka zaidi na wenzake wakasikika nyuma yake. "Unakaa nyumba namba ngapi?" Nikasema kumi na nne na nusu, kwa kuwa ndiyo namba yangu, nyumba yetu iligawanywa zamani. Wakapiga makofi. Nikasema, "Mama, sijui mnachocheka, mimi ni mdogo wake Ragna, na Ragna amefariki jana." Akaomba radhi, akauliza nimefikia wapi.

Bi Wuori alikuja nyumbani kwa Ragna siku ileile na sufuria la viazi na nyama, akalia, akanieleza. Kila kampuni inayotengeneza mifumo huwa na mteja wa majaribio, mtu wa kubuni wa kuingizwa kwenye mfumo ili waone utavunjika wapi, na Ragna alimleta wake miaka mingi iliyopita, mtu mwenye herufi iliyokatwa kwa mstari, aliyezaliwa siku isiyokuwepo, anayekaa kwenye nusu ya namba. Kila programu mpya ilianguka kwa Halvor Sørbø kwanza, ikarekebishwa, ndipo wateja wa kweli wakaipata. Waliamini alimtunga, jina la ukoo akamwazima lake mwenyewe, kwani mtu wa kweli hawezi kuwa na matatizo yote hayo. Nilimwambia anaweza.

Juzi Alhamisi ilikuwa tarehe 29 Februari. Nilikaa na simu mezani siku nzima, ninajua vizuri kabisa kwamba haitalia, na sikuthubutu kutoka hata kununua maziwa.

Jana Bi Wuori alinipeleka ofisini nikamwone huyo mtu. Kwenye skrini nilijikuta nilivyo, anwani ya nyumba niliyohamia mwaka 1994 ikiwa imeingizwa mwaka uleule, hali ya ndoa ikiwa imeandikwa mgane, na tarehe ya badiliko hilo ni Novemba 2017, wiki ya mazishi ambayo hakuja. Chini ya yote, mahali pa ndugu wa kupewa taarifa, palikuwa na jina la Ragna, dada, na kwa sababu walikuwa wameshaingiza kifo chake, mfumo wenyewe ulikuwa umelifuta na kutoa ujumbe. Bi Wuori alisema sehemu hiyo Ragna aliidai Jumatatu moja mwanzoni mwa Machi 2020, akagombana na wakubwa hadi wakakubali, na maneno yake aliyaandika mwenyewe, akakataa mtu kuyagusa. Nayasoma kama yalivyo: "Pole sana kwa msiba. Huyu hatutamwandikia tena, na jina lake halitakuja nyumbani kwako. Ukiwa tayari, tuambie nani tumpigie simu badala yake. Si lazima iwe leo."

Bi Wuori aliniuliza amwandike nani pale. Nilitafuta jina kichwani, sikulipata, nikamwambia apaache wazi, maana mwenyewe amesema si lazima iwe leo.

Familia, yaani mimi, inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomsafishia theluji mlangoni bila kujua anaumwa, wanawake wa kanisa kwa kahawa inayotusubiri ukumbini, na wafanyakazi wenzake walionifahamu kabla sijawafahamu. Ardhi bado imeganda, kwa hiyo tutamlaza kaburini mwezi Mei, karibu na baba na mama, na atakayeweza kufika aje.

Pole yako imenifikia, dada. Pumzika kwa amani, nafasi yako nimeiacha wazi.