Sauti ya Séverin

Jumatatu ile ya mwaka 1957 tulikuwa wanne kwenye benchi la Nassoro muuza kahawa, kando ya njia inayoshuka mtoni, Stanleyville: Nassoro mwenyewe; Évariste, fundi baiskeli, tuliyemwita Mashine; Dominique, aliyeacha seminari, tuliyemwita Abbé, yaani padri; na mimi. Jumapili jioni tulikuwa tumetazama sinema kwenye uwanja wa cité, mtaa wetu. Ilipigwa hapahapa kwetu, kwenye maporomoko, miaka mitano nyuma, na ndani yake alikuwamo Séverin, mvuvi, jirani yetu. Alikufa maji mwezi uleule Wazungu wa sinema walipompiga picha.

— Filme mubaya, Mashine akaanza. Séverin anaingia mutoni na kaptula nyeupe, anatoka na nyeusi!

— Za zamani ziko mubaya zaidi, nikamwambia. Cowboy anapiga risasi makumi mbili, bastola haijazwi hata mara moja.

— Cowboy hatumujui, akasema Nassoro. Séverin tulimujua.

— Na ile samaki? Abbé akauliza. Imekauka, na bado haijavuliwa! Wazee walisema: samaki mukunje angali mubichi.

Methali haikuingia hata kidogo, lakini siku hiyo hakuna aliyemcheka.

— Shida iko sauti, Mashine akasema polepole. Séverin alikuwa na sauti nzito. Mule ndani anasema sawa na karani wa posta. Mashine yao ya picha iko na jicho tu, haina sikio. Donc, wanatafuta mutu mwingine wa kumusemea.

— Hapana, sauti yake waliichukua, Abbé akasema. Iko Ulaya, ndani ya kopo, na jina lake juu. Walisahau tu kuifungua.

Nassoro akaweka birika chini.

— Kama walibeba sauti yake, alors tusishangae mto kumuchukua. Mutu bila sauti, ataita nani?

— Aliita.

Tukageuka. Nyuma yetu alisimama Célestine, mjane wa Séverin, beseni la mihogo kichwani. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

— Mama Célestine, utusamehe, nikasema, nikasogea kumpa nafasi. Hakuketi.

— Aliita, akarudia. Mto ndio ulikuwa na kelele. Wenzake walisikia, walipofika hayuko.

Akashusha beseni, akaliweka chini, akashika tumbo.

— Julienne alikuwa angali humu. Jana ndiyo mara ya kwanza amemuona papa yake. Tangu asubuhi anaiga ile sauti ya filme. Anazunguka nyumba nayo. Ananiambia: “Mama, sikia, papa anasema!” Sijamuona na furaha namna ile. Bon, ninyi mulimujua Séverin. Nimwambie mutoto haiko sauti ya papa yake, ao nimuache?

Mashine akatazama viganja vyake vyenye grisi. Nassoro akammiminia mama kikombe, akampa kwa mikono miwili. Mama akanywa wima, akangoja.

Nilitaka nimpe walau kitu kidogo, nimwambie sauti ya mume wake ilikuwa namna gani, aende akamsimulie mtoto. Nikafumba macho, nikamtafuta Séverin alivyokuwa akiniita asubuhi akipita na kikapu chake. Nilimwona vizuri kabisa, mdomo unafunguka, ananiita jina langu.

Iliyotoka mdomoni mwake ni ile sauti ya karani wa posta.