Mzee Hodi Anaaga Chumba cha Sindano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari wetu wa mishipa ya damu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wagonjwa humwita Mzee Hodi. Nasi pia, akiwa hayupo.

Alipoanza, kitengo kilikuwa chumba kimoja kando ya stoo ya mashuka, chenye kitanda kilichoyumba na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Wagonjwa wake walizaliwa na mishipa iliyojisokota na kuvimba mkononi au mguuni, na wengi walikuwa wameshaambiwa wamerogwa. Yeye aliwachorea mishipa hiyo, akawaeleza, kisha akaidunga dawa ya kuiziba, kidogo kidogo, kwa miezi. Tukimharakisha, alitukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, hasa kwa mwenye sindano.

Jina lake lilitokana na mazoea yake. Hagusi mkono wala mguu wa mtu bila kuubishia hodi, na hachomi mpaka aitikiwe karibu. Watoto waliitikia hadi wakasikika koridoni. Mkewe analalamika kwamba nyumbani huingia kimya kimya kama paka, moja kwa moja jikoni.

Hatumsahau dada mmoja, fundi cherehani. Mkono wake wa kulia ulivimba hata ukashindwa kushika mkasi, na kwingine alishauriwa ukatwe. Mzee alibisha hodi. Dada akageukia ukutani. Wiki iliyofuata, kimya tena. Sisi tulinung'unika, maana foleni ilikuwa ndefu. Yeye alivuta kiti akamwuliza jinsi ya kupachika zipu, wakazama kwenye mambo ya pindo na vifungo. Dada aliporudi tena, ile karibu ilitoka, ndogo, nusu kilio.

Matibabu yalichukua karibu mwaka. Uvimbe haukwisha wote, wala Mzee hakumdanganya kwamba utakwisha. Lakini mkono ulibaki, ukarudi kwenye cherehani. Pazia la kijani la chumba cha sindano ni kazi ya dada huyo. Pindo limekwenda upande kidogo, na Mzee hataki liguswe.

Asante, Mzee wetu. Chumba kitapwaya bila wewe, na tunaumia kusema hivyo. Tunakutakia mapumziko mema, afya tele na asubuhi zisizo na foleni. Ukisikia hodi mlangoni wiki ijayo, usishtuke: ni fundi wetu, anakuja kukupima suti. Mwitikie upesi kuliko alivyokuitikia yeye.