Bi Lavonne na Sheria ya Kisu cha Zamani

Jana, Ijumaa tarehe 14 Juni, Bi Lavonne Dykstra alistaafu baada ya miaka ishirini na tisa kwenye kaunta ya vipuri ya Duka la Brandsma, hapa Wisconsin. Sherehe ni leo, uani kwake. Wageni mtatuwia radhi kwa nyasi zinazofika magotini. Sababu yake ndiyo wasifu wa Bi Lavonne mwenyewe.

Aliajiriwa kuuza mbegu, akahamishiwa vipuri wiki moja tu, kumshikia nafasi mwenzetu aliyevunjika mguu. Mguu ulipona, lakini kaunta hakuiachia tena.

Mwaka wake wa pili alimwuzia Mchungaji Haverkamp visu vya trekta la kukatia nyasi kwa kukisia. Vilikuwa virefu mno, vikagongana chini ya trekta kwa kishindo kilichowalaza wazee wa kanisa kifudifudi. Tangu hapo akaweka sheria: hakuna kisu kipya bila cha zamani mkononi. Atakilaza juu ya kaunta, apime ncha hadi ncha, atazame tundu la katikati kama ni duara au nyota, ndipo auze. Waliokuja kumtajia upana wa trekta aliwarudisha. "Mpenzi, mimi siuzi viatu kwa kupima mlango wa nyumba yako."

Wiki tatu zilizopita mumewe, Merle, alifungua visu vyao vilivyochakaa akavitupa kwenye chuma chakavu. Kibandiko chenye namba ya trekta kilikuwa kimeshaliwa na jua. Akaja dukani amenyoosha mikono kama mvuvi anayesifia samaki aliyemponyoka.

"Ni virefu hivi, mke wangu! Trekta lenyewe nimelikalia miaka kumi!"

"Na mimi nimekaa na wewe arobaini, hata pazia hujajua kupima. Hebu nenda nyumbani."

Duka zima tulicheka. Nyasi ziliendelea kukua.

Bi Lavonne aliutaka ua huu ung'ae leo, maana dada zake wanatoka Iowa na ulimi wanao. Jana saa kumi na moja jioni alivua aproni, akazunguka kaunta, akasimama upande wa wateja. Akamwomba jozi ya visu Curt Nygaard, mrithi wake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

Curt akamwuliza, "Cha zamani kiko wapi, mama?"

Sheria ni msumeno. Bi Lavonne alimkazia macho, akaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio cha kweli. "Haya, sasa naweza kwenda," akasema, akatoka mikono mitupu.

Bi Lavonne, asante kwa kila kitu. Tutakukosa mno, na kaunta bila wewe itapwaya. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na soseji ambazo Merle hataziunguza. Zawadi yetu imo ndani ya boksi: ni visu. Tumekisia tu. Tundu likikataa, njoo dukani Jumatatu. Hivyo hivyo, bila cha zamani.