Nilivyofunguliwa kwa Kuhesabu Mayai

Bwana asifiwe, wapendwa. Asifiwe na nyie mlioko mbele, asifiwe na nyie mliokaa kule mlangoni, ambao mkiniona nasimama kushuhudia mnajua chakula cha mchana kitachelewa. Mnivumilie. Hili la leo nisipolisema lote nitaumwa.

Mnanijua, mie mama Neema, nakaa hapa hapa Goba, nafuga kuku wa mayai, mia mbili hivi. Hao kuku ndio walionitoa. Kabla yao nilikuwa nazunguka Tandale na beseni la ndizi kichwani tangu alfajiri, narudi miguu imevimba, watoto wameshalala bila kuniona. Nilipoanza kuwauzia mayai wakaanga chipsi, nikasema sasa na mie Mungu amenikumbuka. Kwa hiyo nikiwaambia kuku walitaka kunitoka mkononi, mjue ni beseni lile lilikuwa linaniita nirudi.

Ndugu zangu, nilikuwaga mfugaji wa kukadiria kwa macho. Nikiingia bandani nikaona mayai mengi, nasema leo Bwana ametenda. Nikiona machache, nasema leo kuna mtu. Namba sikuwa nazo hata moja. Trei zikijaa zinapakiwa kwenye bodaboda, basi, tumemaliza.

Sasa jirani yangu ni Bi Mwajuma. Mama mtu mzima, Muislamu, yeye na wazazi wake wote ni wa hapa hapa Dar. Kati yetu kuna uzio wa michongoma wenye uwazi, na tulikuwa tunapitiana pale utadhani nyumba ni moja. Nikiwa sipo, anaingia bandani anawaongezea kuku maji. Nikirudi ananiambia kwa sauti kutoka kwake, "Mwanangu, watu wako nimeshawanywesha." Namjibu ahsante, kisha nasahau.

Siku moja akasimama mlangoni mwa banda akasema, "Hawa kuku wako wanataga kama wameahidiwa zawadi." Tukacheka wote. Wiki ile ile likaja joto kali, mayai yakapungua. Yalipungua kidogo tu. Leo najua kila joto likizidi huwa yanapungua namna ile, halafu yanarudi. Ningekuwa na namba za miezi ya nyuma ningelala usingizi wangu. Sikuwa nazo, nikabaki na maneno ya watu. Wakaniambia, mama Neema, hilo ni jicho, mtu hakusifii hivyo bure.

Nikaamini. Nikaziba ule uwazi wa michongoma kwa bati. Nikanunua kufuli la banda, kubwa, ufunguo nikauvaa shingoni. Na Bi Mwajuma nikaacha kumwamkia. Mtu niliyempa shikamoo kila asubuhi, nikawa nampita kama nguzo ya umeme. Alinitazama tu. Iliniuma, lakini nikajikaza, nikijiambia niko vitani.

Na vita nilipigana kweli. Kila Jumatano na Ijumaa nikafunga, nikawa nashinda hapa kanisani mpaka jioni. Kuku nawajazia maji alfajiri, napiga kufuli, natoka. Mchungaji ameniombea. Kina mama wa maombi mmeniombea mpaka sauti zikakauka, Mungu awabariki. Na mayai? Ndiyo kwanza yakashuka. Mengine yakaanza kutoka na ganda jepesi, ukiligusa linabonyea. Nikaongeza mfungo wa Jumatatu. Yakashuka zaidi.

Wakaanga chipsi wakaanza kuhamia kwa watu wengine. Mume wangu akasema, "Mama Neema, tuwauze wakachinjwe. Utakuja kufa kwa ajili ya kuku." Tukakubaliana mnunuzi aje mwisho wa mwezi awazoe wote. Nililia, siwafichi. Lile beseni lilikuwa bado liko uvunguni mwa kitanda.

Ndipo nikamwita daktari wa mifugo, nikitaka achome sindano tu. Akaniuliza, "Katika kila kuku kumi, wangapi wanataga kwa siku?"

Nikamwambia, "Wanatagataga."

"Mama, wanatagataga siyo namba. Na maji wanakunywa kiasi gani?"

"Ya kutosha."

Akafunga begi lake. Akasema nikaandike kila siku mayai ni mangapi, maji ni ndoo ngapi, na siku ile kimetokea nini, halafu nimwite tena. Niliudhika jamani. Nimemwita mganga wa kuku, ananipa kazi ya shule! Lakini mume wangu akachukua kalenda yetu ya kanisa, akaitundika mlangoni mwa banda, kalamu akaifunga kwa uzi. Akasema, "Andika. Utapungukiwa nini? Wanaondoka hata hivyo."

Nikaandika, nimenuna. Siku za mfungo nilikuwa nimeshazizungushia wino mwekundu tangu mwanzo, basi mayai nikawa nayaandika humo humo. Wiki zikapita. Mnunuzi akiwa karibu kuja, nikasimama mbele ya kalenda asubuhi moja nikaanza kuifuata kwa kidole. Siku nyekundu, kesho yake mayai yameanguka. Yanajikongoja kupanda, siku nyekundu tena, yameanguka. Wapendwa! Nikajiuliza, kumbe Mungu ndiye anayenipiga?

Nikaendelea na kidole. Kuna Jumanne moja sikufunga, nilikwenda msibani Mbagala nikarudi jioni. Kesho yake yameanguka. Na kuna Ijumaa moja nilifunga, lakini niliumwa nikaombea nyumbani, nikawa natoka kuwatazama kuku mchana. Kesho yake hayakuanguka. Basi mfungo ulikuwa hauna kosa lolote. Kosa lilikuwa ni mimi kutokuwepo.

Siku ile ilikuwa ya kushinda kanisani. Nilikuja kama kawaida, ila jua lilipofika utosini nikaondoka, mtanisamehe. Nikafungua kufuli. Vyombo vya maji vikavu, hata unyevu hakuna. Kuku wamefumbua midomo wanahema. Mie nilifunga kwa hiari yangu, wale nani aliwauliza?

Nikawajazia maji, nikakaa chini palepale kwenye maranda. Nikajiuliza swali ambalo kalenda haikuliandika. Siku zote zile za nyuma, nilipokuwa nashinda Tandale na Mbagala kutafuta wateja, mchana nani alikuwa anawapa maji? Jibu nililijua. Nilikuwa nimelizibia bati.

Nikaling'oa lile bati kwa mikono. Bi Mwajuma alikuwa uani anapepeta mchele. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

Akaacha kupepeta. Halafu akasema, "Marahaba, mwanangu. Umerudi?"

Nikamweleza yote, la jicho na la kufuli. Sikubakiza. Akaweka ungo chini, machozi yanamlenga. Akasema, "La jicho nilisikia. Lakini mchana nilikuwa nawasikia wanavyolia kwa kiu, na mie siwezi kuruka uzio. Hilo ndilo lililoniumiza." Nikavua ule ufunguo shingoni, nikamvisha yeye.

Ndugu zangu, mayai yalirudi. Hayakurudi kwa siku moja, yalipanda polepole, na mie nikayaona yanapanda, kijumba kwa kijumba cha kalenda. Mnunuzi wa kuku alipokuja nikamuuzia trei za mayai. Na daktari aliporudi akaniuliza wangapi kwa kumi, nikamjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Namshukuru Mungu aliyeyasikia maombi yangu na kunijibu kwenye kalenda yake mwenyewe. Wewe mwenye duka, wewe mwenye genge, wewe unayepika maandazi ukisema biashara imerogwa, mtegemee Bwana, omba kwa moyo wote. Ukisema amina, shika kalamu uandike umeuza nini, kimebaki nini, na siku ile ilikuwaje. Andika kabla hujamtazama jirani yako kwa jicho baya. Mie nilikaribia kumpoteza wa kwangu.

Nimemaliza, nawaona wa mlangoni mnasimama. Jua limeshakuwa kali huko nje, na mwenzenu hata sina haraka. Saa hizi Bi Mwajuma yuko bandani, anawapa maji.