Uso wa Bwana Orrin Tackaberry

Ndugu, jamaa na marafiki, Jumanne tarehe 6 Machi 1928, saa nane na dakika ishirini mchana, hapa Los Angeles, mhudumu wa chumba cha maiti alimwomba Verna, binti pekee wa marehemu, picha ya baba yake ili amtengeneze afanane nayo, naye akafungua sanduku, akatoa picha thelathini na saba, za maharamia, mahakimu, manahodha na mababu wa kila namna, asimwone baba yake hata katika moja.

"Sasa binti, nimlaze yupi kati ya hawa?" mhudumu aliuliza.

Marehemu alizaliwa Zanesville, Ohio, tarehe 2 Mei, na hapo ndipo familia ilipokwama, kwani kadi ya studio ya filamu inasema mwaka 1859, cheti cha ndoa 1881, na cheti cha shule, kilichokutwa chini ya mikebe ya gundi ya ndevu za bandia, 1884, na Verna hakutaka jiwe la kaburi lichongwe uongo. Alisoma hadi darasa la nane, akawa kinyozi, akamwoa Bi. Leota tarehe 10 Juni 1905, wakajaliwa Verna mwaka 1907, na mwaka 1911 akahamia huku kuigiza wazee katika filamu zisizo na sauti, akisema vijana wazuri wamejaa hadi mlangoni, lakini mzee anayeweza kuanguka ngazi nzima na kuinuka hapatikani. Alicheza filamu mia moja na kumi na mbili. Mwezi uliopita, akiigiza mzee wa kivuko, alisimama majini kutwa, akapata homa ya mapafu, akafariki Jumanne hiyo saa moja asubuhi.

"Mama, baba alikuwa na miaka mingapi hasa?"

"Usinitie wazimu, mwanangu. Kila jioni alirudi mzee kuliko jana."

Familia inamshukuru daktari, majirani walioleta chakula, waigizaji wenzake, na hata waliotupa pole wakisema mzee wetu amekula chumvi nyingi.

Kesho yake asubuhi, Verna alichukua wembe wa zamani wa baba yake, akamnyoa ndevu alizofuga miaka kumi na kuzipaka weupe, na Bwana Wyckoff, mpigapicha wa studio, akampiga picha. Bi. Leota akamtazama, akashika mdomo.

"Ndiye huyu! Alipokuja kuniposa, baba yangu alimkataa kwa uso huu, akasema ni mtoto mno, wiki ya pili akarudi amejiongezea miaka!"

Verna akaandika 1884. Picha hiyo ndiyo iliyo juu ya jeneza.

Lala salama, Orrin, mwenye miaka arobaini na mitatu.