Nyimbo Zilizotungwa Mezani Pangu pa Pasi

Nyinyi wanakamati, hamna haya? Mmeniomba niandike wasifu wa Kinanda, halafu kwenye ratiba ya sherehe mmemwita "mwimbaji", basi. Chini yake mmeandika kwamba nyimbo zote zimetungwa na kiongozi wa bendi. Nimevaa miwani nikasoma mara mbili. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini uongo ukiandikwa nautambua.

Haya. Kinanda anastaafu Jumamosi hii, baada ya miaka arobaini na moja katika bendi ya ukumbi huu. Siku ya kwanza alikuja na viatu vya kuazima, vinampwaya. Wanabendi wakacheka. Alipofungua kinywa akaimba soul, ule muziki wa Wamarekani weusi unaotoka moyoni, mpiga tarumbeta alisahau zamu yake, akabaki kalishika tarumbeta kama mwiko.

Mimi nilikuwa mpiga pasi wa sare za bendi, chumba cha nyuma, chenye dirisha lisilofungika. Huko ndiko Kinanda alikotungia nyimbo zake. Alikuwa anakaa juu ya kapu la nguo, anasikiliza pasi yangu ikigonga meza, kisha anaanza kuguna taratibu. Neno likimshinda ananiuliza.

"Dada, mtu aliyeachwa anasema nini?"

"Hasemi. Anafua."

Akalitia kwenye wimbo. Ndio huo mnaoulilia mpaka leo.

Ushahidi mnautaka? Katika wimbo huo kuna mahali muziki wote unakatika, mapigo manne, ndipo sauti inarudi. Mpiga ngoma ameuliza sababu miaka ishirini, kiongozi humjibu, "Wewe piga kazi!" Mwaka ule Kinanda alipolazwa wakapiga bila yeye, kila mtu aliingia kwa wakati wake, kama kuku waliofunguliwa banda. Leo nawaambia: pale nilikuwa napuliza majivu ya pasi ya mkaa. Nikipuliza, meza inanyamaza, naye ananyamaza akinisubiri. Kiongozi hajawahi kukanyaga chumba kile. Sare yake nilimpelekea mimi mwenyewe, imenyooka. Angejuaje?

Nilipomwonyesha Kinanda ratiba yenu, alisema, "Dada, yaache tu, tumeshazeeka." Kwa sauti ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kwake. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Amewaliza watu na kuwachezesha miaka yote hiyo, halafu aondoke kama mgeni katika nyimbo zake?

Mdogo wangu Kinanda, asante kwa kuifanya meza yangu iimbe. Kapumzike, ulale mpaka usingizi wenyewe uchoke, na ukitunga, utunge kwa jina lako.

Na wewe kiongozi, Jumamosi, kabla mpiga ngoma hajainua vijiti vyake, shika kipaza sauti useme kwa kinywa chako ni nani aliyezitunga. Kamati, ratiba hizo chomeni, mchapishe nyingine. Na yale mapigo manne yakifika, asikohoe mtu.