Mtoro wa Mafuriko

"Eti nimeacha masomo kwa hiari yangu!" Guidry, askari mstaafu, alimfokea bibi aliyeketi naye kwenye basi la Houston, ambaye hakuomba kuambiwa. "Darasa lilijaa maji mpaka madirishani, nao wa ofisi ya mafao ya wanajeshi wanakata muhula mzima kwenye haki yangu ya kusomeshwa na serikali. Nilibakiwa na huo mmoja tu, mama!"

"Ungeaga kabla ya kuondoka, mwanangu."

"Nimuage nani, samaki? Vitani niliwatoa wenzangu motoni nikavishwa nishani. Hapa nimejitoa majini, naitwa mtoro!"

"Basi si urudi tu darasani, yaishe?"

Basi likasimama mbele ya chuo. Magunia ya mchanga yalikuwa bado yamerundikwa mlangoni, na kufuli limening'inia. Guidry akampisha bibi. "Tangulia wewe," akasema. "Ukawaambie nimerudi."